Tundu Tupu

Ijumaa, saa moja asubuhi, nyuma ya milima ya Amerat,
jua halijaota meno.
Mawe meusi. Tuta la mchanga. Karatasi yenye duara.
Na Zahran, sajini mstaafu, mzaliwa wa Bujumbura,
ambaye Kiswahili chake bado kina vumbi la Buyenzi
ingawa miaka arobaini amekunywa maji ya Maskati.

Bastola ina matundu sita,
nzito kama pasi ya mkaa ya marehemu mama.
"Kidole si ndoana," anasema.
"Tumia nyama ya ncha, ile ile unayobonyezea
kengele ya mlango wa watu usiowazoea.
Kisha vuta mara moja, ndefu, bila kituo,
kama unavyomimina kahawa. Dele halishtuliwi."

Navuta.
Risasi inakwenda chini, kushoto.
Navuta tena: chini, kushoto,
kana kwamba huko kuna mtu ananidai.
Nalaumu miwani. Nalaumu kilengeo.
Nalaumu upepo, na upepo haupo.

Zahran hanijibu. Anaichukua bastola,
ananipa mgongo, anaijaza mwenyewe,
ananirudishia, mdomo ukitazama tuta.
"Haya, Salha."

Ya kwanza, kishindo.
Ya pili, kishindo.
Ya tatu:
ta.

Hakuna moto, hakuna moshi.
Tundu lilikuwa tupu,
na mkono wangu, mbele ya macho yangu,
umeinama mpaka chini
kuipisha sauti ambayo haikuja.

"Umeona?" anasema. Basi.

Nimeona. Nimeijua ile inama.
Ndiyo niliyoinama nayo bandarini Sohar
kila meneja alipokohoa kabla ya kusema.
Ndiyo iliyomjibu Ghassani "hapana"
naye alikuwa hajauliza kitu,
alikuwa anatafuta tu pa kuweka kikombe.

Wiki nzima, nyumbani, baada ya isha:
bastola tupu, nimeikagua mara tatu,
risasi zimefungiwa chumba kingine,
mbele yangu ukuta wa zege.
Juu ya mtutu, sarafu ya baisa hamsini.
Navuta. Inaanguka, inakimbilia chini ya kabati.
Mwanangu Muadhi anaandika kwenye daftari la hesabu:
Jumamosi, imeanguka mara ishirini na tatu.
Jumanne, kumi na moja.
Jumatano, thelathini. (Siku ile walinipigia simu kutoka hospitali.)
Alhamisi, mbili, na ya pili
anasema mama ulipiga chafya, haihesabiwi.

Ijumaa tena. Zahran ananipa mgongo, anajaza.
Siulizi lipi tupu.
Kishindo. Kishindo. Kishindo. Kishindo.
La tano: ta.
Mtutu umetulia pale pale,
na sarafu ambayo haikuwepo
haikuanguka.

Ee Mola, furaha!
Matundu manne kwenye karatasi, ungeyafunika kwa tende moja.
Nikageuka kumwonyesha.
Nikageuka mzima mzima, mabega, viwiko,
na bastola mkononi, na risasi moja bado ndani.

Sikumwona akija. Niliona tu kiganja chake
kimeukamata mkono wangu, kimeurudisha kwenye tuta,
na uso wake mweupe kama chokaa.
Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.
Akatoa risasi ile, akaitia mfukoni.
"Nenda garini."

Nilikaa saa nzima, kiyoyozi kimezimwa,
usukani unaunguza.
Kwa mbali wengine walikuwa wakipiga,
na mimi nilikuwa nahesabu
kifua chake kilikuwa umbali gani.
Hatua tatu. Labda mbili na nusu.

Alipokuja alikuwa na vikombe viwili,
kahawa chungu, bila tende.
Akaegemea mlango, akanywa chake chote,
akakitikisa kuonyesha kimetosha.
"Mkono umefunzika," akasema.
"Furaha, bado."